Kegi Ilikuwa Kodi ya Kiti

Watu wangu wa Meru na Embu, leo siongelei chakula wala bei ya nyumba Roysambu. Naongelea kegi. Najua kuna wenye watasema huyu kijana ameishiwa na maneno, na kuna mashangazi wa kanisa wenye wataniombea. Sawa, niombeeni, lakini nisomeni kwanza.

Huu ni mwaka wangu wa nne Nairobi na kuna kitu kimoja sijakizoea. Hapa huwezi kukaa mahali bila kulipa, na malipo yenyewe si kidogo. Bia moja ya chupa kwenye hizi klabu za makochi na taa za zambarau ni pesa ya mboga ya siku tatu. Ukiimaliza, mhudumu anakuja kukusimamia kama askari wa kanjo: "Niongeze?" Hilo si swali. Unaambiwa ama ununue ama uondoke.

Sasa kumbuka Makutano, Meru, saa kumi na mbili jioni, baridi inashuka kutoka mlimani na matatu za Nkubu zinaita watu wa mwisho. Ndani ya kegi kuna benchi ndefu za mbao. Fundi wa mjengo amekaa na simiti bado iko kwa viatu. Kando yake ni mwalimu wa shule ya msingi, halafu kondakta, halafu mzee mwenye ametoka Gakoromone kuuza ndizi na bado ameshika ile kamba ya kufungia mizigo. Ukifika unasema, "Mzee, nisaidie nafasi kidogo," anasonga. Unapewa kikombe cha plastiki. Enzi zile nikianza kukaa huko na binamu yangu, kikombe hakikuwa kinafika finje. Ukiwa na mia mbili wewe ni tajiri, unanunulia hata jirani. Na kikombe kimoja ulikaa nacho lisaa lizima, hakuna mtu wa kukuuliza umebakisha ngapi.

Ndiyo maana nasema kegi haikuwa bia tu. Ile pesa ilikuwa kodi ya kiti. Ulikuwa unalipia kukaa ndani ya mji wako kama mtu, na kusikia nani ameoa, nani anauza shamba na ni wapi wanatafuta vibarua kesho.

Kazi yangu ya kwanza ya kamera niliipata kwa benchi kama hiyo, Majimbo, Embu, nikiwa bado Chuo Kikuu cha Embu. Mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa analalamika ya kwamba picha za ruracio ya binti yake mkubwa zilitoka zikiwa na giza, na wa pili anakaribia kuolewa. Nikamwambia, "Mzee, mimi hufanya hiyo kazi." Nilikuwa na simu na stendi ya kuazima. Alinilipa elfu tatu na kibuyu cha asali. Niambie ni klabu gani Nairobi mwenye duka ataongea na mwanafunzi asiye na kitu.

Wadogo wenu wa juzi labda hamjui ni kwa nini kegi ilikuwa bei ya chini. Senator ilianzishwa 2004, na serikali ikaisamehe ushuru kwa makusudi, ndiyo wenye walikuwa wanakunywa chang'aa wapate kitu safi chenye wanaweza kumudu. Haina chupa wala lebo. Inakuja kwa mtungi wa chuma wa lita 50, inafunguliwa hapo kaunta, na ukishafunguliwa haukai sana, lazima umalizwe. Kwa hivyo kegi ilitaka watu wengi, mahali pamoja, kwa wakati mmoja. Huwezi kuificha kwa mfuko wa koti.

Na ilikuwa yetu kwa njia nyingine. Mtama wa kuipika ulikuwa unatoka kwa watu wetu, Mbeere na Tharaka, huko chini kwenye joto ambako mahindi hukauka kabla hayajabeba. Watu waliambiwa wapande mtama wa Gadam, soko lipo, wakapanda. Mjomba wangu wa upande wa Siakago alijenga choo cha mawe na pesa ya mtama. Unaweza kucheka, lakini kwa hicho kijiji hicho choo kilikuwa habari.

Halafu 2013 serikali ikaondoa nusu ya ule msamaha wa ushuru. Bei ya kikombe ikaruka na mitungi ikaanza kulala kwa kaunta. Mtama nao ukakosa mnunuzi, magunia yakabaki nyumbani yakiliwa na panya. Mei 2014, mimi nikiwa shule ya upili, makumi ya watu wakafa kwa siku chache Embu, Kiambu, Kitui na Makueni kwa kunywa pombe yenye methanoli. Wengine walibaki hai lakini hawaoni hadi leo. Embu iliumia vibaya, na mtaa wenye ulitajwa kwa redio kila asubuhi ni Shauri Yako. Hilo ndilo jina la mtaa, sijalitunga. Kila nikipita hapo nafikiria vile hilo jina linasikika kama jibu la serikali.

Sisemi kodi ndiyo ilitia methanoli kwa chupa. Aliyeitia ni mtu, na alijua anachofanya. Lakini mtu wa mjengo mwenye amezoea kikombe chake cha jioni hakuacha kunywa kwa sababu bei imepanda. Alishuka hatua moja chini, kwa kitu cha bei ya chini zaidi chenye hakijulikani kimepikwa na nani. Hilo mtu yeyote wa mtaani angewaambia bure, bila tume. Wenyewe waliliona, ndiyo maana 2015 sehemu kubwa ya ule msamaha ikarudi. Waliokufa hawakurudi.

Siku hizi nikirudi nyumbani kwa likizo (na daraja la Nithi bado hunyamazisha gari nzima, hata wale wa muguka huacha kutafuna) naona kegi zetu moja baada ya nyingine zimegeuzwa. Makutano kuna mahali palikuwa na benchi, sasa pana makochi meusi, mlango una bawabu mwenye suti na bia ina bei ya Nairobi. Sina shida na mtu kufanya biashara. Shida yangu ni huyu fundi na huyu mzee wa ndizi wameenda wapi. Nimewaona. Wamesimama nyuma ya stendi na vichupa vya robo, vile vya pombe kali ya bei ya chini, wanameza haraka kama dawa ya minyoo. Dakika kumi mtu ameisha. Hakuna stori, hakuna kiti, na hakuna mtu wa kumwambia, "Wewe, leo imetosha, enda kwa watoto."

Hiyo sentensi mimi nimeisikia kwa kegi mara nyingi. Mama mwenye alikuwa na kegi karibu na Majengo, Meru, alikuwa anajua ni nani amelipwa Jumamosi na ni nani ana karo ya kulipa. Kuna wanaume alikuwa anawakatalia kikombe cha nne na wanamtii kuliko wanavyomtii chifu.

Najua kuna mama anasoma hii akisema, kijana, hujui pombe imetufanyia nini. Shangazi, najua. Kwetu tumezika. Kuna nyumba Imenti zina wavulana watatu na hakuna hata mmoja anaweza kushika jembe hadi saa nne. Lakini angalia hao wavulana wanakunywa nini na wanakunywa wapi. Februari 2024 watu zaidi ya 10 walikufa Kangai, Kirinyaga, hapo tu jirani na Embu, na haikuwa kegi. Mwezi uliofuata Kithure Kindiki, akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, akasoma masharti 25 ya kupigana na pombe haramu, baa za mitaani zikaanza kuwekewa kufuli. Kindiki ni wa Tharaka, anatoka kwenye mtama. Kama kuna mtu kwa serikali angejua tofauti ya kikombe cha kegi na kichupa cha robo, ni yeye.

Halafu Julai 2025 ikaja sera ya NACADA, umri wa kunywa upelekwe miaka 21, na sisi wenye tunatengeneza video tukatazwe kutangaza pombe. Hiyo ya kutangaza mimi naikubali, na sijawahi kulipwa na kampuni ya bia hata shilingi, kwa hivyo msinitafute. Lakini nimesoma hayo mapendekezo nikitafuta mahali pamesema huyu mtu wa benchi akishafungiwa aende akae wapi. Sikuona.

Kwa hivyo nawauliza wawakilishi wa wadi, wa Meru na wa Embu, kwa sababu leseni za baa ziko kwa kaunti na hamwezi kusingizia Nairobi. Mkifunga kegi, mtafungua nini saa kumi na mbili jioni chenye mtu wa kibarua anaweza kuingia na finje mfukoni akae? Hata kama ni kibanda cha chai na uji wa mtama, sawa, nitakuja na kamera. Bora kiwe na benchi, na mtu akiingia wengine wasonge.

Mimi niko nyumbani Desemba. Kuna kegi moja bado imebaki upande wa Kooje, mwenyewe hajaweka kochi hata moja. Fundi, mwalimu, mzee wa ndizi, nikikuta nafasi nitakaa na nyinyi, na kikombe cha kwanza nitanunua mimi.