P2 si mpango wa uzazi

Shimoni siri haikai. Ukiingia zahanati kuomba kondomu, huenda anayekupokea ni jirani au mke wa ami yako, na kabla mashua ya jioni kutoka Wasini haijafunga gati, habari zishafika nyumbani. Ndiyo maana kijana huona heri apande matatu, apite Kanana na Msambweni hadi Ukunda, akanunue mahali asipojulikana. Akifika huko aghalabu haombi mpira. Anaomba P2.

Hatuna ugomvi na P2. Ni dawa halali na imewaokoa wengi. Ila ni ya dharura, jamani. Kazi yake ni kuchelewesha yai kutoka, kwa hivyo imeze mapema uwezavyo, ndani ya saa 72. Hiyo safari ya kujificha inakula muda. Yai likishatoka, haikusaidii. Ukitapika ndani ya saa mbili, rudia. Haitoi mimba iliyokwisha kuingia, wala haimfanyi mtu tasa kama watu wanavyotishana barazani.

Kinachotusumbua ni kwamba haizuii HIV, kaswende wala kisonono. Anayeimeza kila Jumatatu baada ya wikendi ya Diani amekwepa hofu moja tu. Na nani anameza? Msichana. Jamaa hutoa pesa, kama anazo, basi kazi yake imekwisha.

Kondomu ndiyo kinga inayozuia mimba na maradhi kwa mpigo, ikitumiwa sawa. Huku kwetu jua halina huruma: pakiti iliyokaa wiki nzima kwenye bodaboda au boti ya watalii usiiamini. Nayo mafuta ya nazi yabaki kwenye nywele! Hayo, pamoja na Vaseline, huulegeza mpira wa kawaida ukapasuka. Tumia kilainishi cha maji.

Ukipasuka na hujui hali ya mwenzako, P2 pekee haitoshi. Nenda hospitali ya umma, kama ile ya rufaa ya Msambweni, uulize PEP. Nayo ni ndani ya saa 72, kisha vidonge siku 28.

Anayetaka mpango wenyewe ana sindano ya miezi mitatu, kijiti cha mkononi cha miaka 3 hadi 5, au koili ya shaba ya miaka 10. Kijiti na koili vikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi; sindano huchelewa kidogo. Mpira bado unahitajika juu yake.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulipata kuwa asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wameshashika mimba. Wengine ni watoto, na hapo sheria ya 2006 haina utani: mtu mzima anayelala na mtoto ni mhalifu, hata akija na kondomu.

Kaunti ya Kwale iweke masanduku ya kondomu za bure gatini na kwenye stegi ya boda, mtu achukue bila kuomba. Mhudumu anayetangaza siri za wagonjwa achukuliwe hatua. Wazee watasema twachochea zinaa. Heshima yao ipo, lakini wengi wao ndio wanaolea wajukuu hao. Na masanduku yajazwe Ijumaa, si Jumatatu.