Labrador naye huchanjwa

Mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka sita akiwa na alama tatu za meno kiganjani. Nilipomuuliza kama mbwa aliyemng'ata amechanjwa, alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Daktari, huyu si mbwa koko. Ni Labrador, tumemnunua."

Kauli hiyo nimeshaizoea. Siku hizi hapa Dar es Salaam nyumba nyingi zenye geti zina Labrador, na sishangai kwa nini anapendwa. Ni mpole, anajifunza haraka na anapatana na watoto. Asili yake ni mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, Kanada, waliokuwa wakirudisha kamba za nyavu na samaki waliochomoka. Waingereza wakamchukua na kumfundisha kuwaletea ndege waliopigwa risasi, na mwaka 1903 chama chao cha mbwa kikamtambua rasmi. Kwa hiyo kazi yake tangu zamani ni kubeba vitu mdomoni. Akiwa mtoto hubeba chochote: soksi, kandambili, mkono wa mwanao.

Anang'ata kwa mchezo, hilo nakubali. Lakini jino likichana ngozi, mate yameshaingia, na virusi vya kichaa cha mbwa havijui bei ya mbwa. Mbwa wa shilingi laki kadhaa akikwaruzana na koko getini usiku mmoja tu, wote wawili ni sawa mbele ya ugonjwa huo. Na dalili zikishaanza kwa binadamu, sisi madaktari karibu hatuna la kufanya. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka, wengi Afrika na Asia, na karibu vyote vinatokana na mbwa.

Ukiuliza nifanye nini mwanangu aking'atwa, jibu langu la kwanza ni sabuni. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Tazama saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani na mtoto atalia. Usipake pilipili, majivu wala mafuta ya taa. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo, ukaanze chanjo. Jeraha likiwa na damu huenda ukahitaji pia kinga ya kuchomwa penye jeraha lenyewe. Mbwa msimuue. Mfungieni na mumwangalie kwa siku 10: akiwa mzima baada ya hapo, hakuwa na virusi kwenye mate siku alipong'ata, na daktari anaweza kusimamisha sindano. Ila usingoje siku hizo ziishe ndipo uanze tiba.

Lipo jambo jingine linaloniudhi. Watu wananunua Labrador ili awe mlinzi, wanaona anamtikisia mkia kila mgeni, basi wanamfunga mnyororo mchana kutwa na kumpunguzia chakula ili awe mkali. Mbwa aliyezaliwa kukimbia na kuogelea anageuka mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata vibaya. Wengine wanamharibu kwa upande wa pili: anashindiliwa ugali na mabaki hadi anashindwa kutembea. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge waligundua kwamba baadhi ya Labrador wana hitilafu ya jeni inayowaongezea hamu ya kula, kwa hiyo macho yake ya kuomba hayathibitishi kwamba ana njaa. Mpimie chakula, mtembeze alfajiri au jioni jua likishapoa, na maji yasikosekane.

Sasa niulize: nyumbani kwako ni nani anayemlisha, kumwogesha na kumtoa kupe? Mara nyingi si aliyemnunua. Ni dada wa kazi au mlinzi. Nimewahi kumpokea dada aliyekaa na jeraha siku nne kwa sababu aliogopa kusema, na hata angesema hakuwa na nauli. Ukimpa mtu kazi ya kumshika mbwa wako, gharama ya jeraha lake ni yako. Mwambie hivyo kabla hajang'atwa, na umwonyeshe sabuni ilipo.

Mbwa anaweza kupata chanjo ya kichaa kuanzia miezi mitatu, kisha akarudia kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Muuzaji akikwambia "ameshapata zote", omba kadi na usome jina la chanjo na tarehe. Huyu mama alikuwa na kadi. Ilionyesha dawa ya minyoo tu.

Mtoto tulimwanzishia sindano siku ile ile. Siku ya tatu alirudi kwa sindano ya pili, ameshika mkono wa dada yao wa kazi. Nikamwomba dada naye anionyeshe mikono yake. Ilikuwa na mikwaruzo hadi kwenye kiwiko, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.