Tusianzie Auschwitz

Na Rehema Mwakasege

Habari za Wayahudi wa Ujerumani wengi wetu tumezijua kuanzia mwisho wake: magari moshi, kambi, idadi ya waliouawa. Ndiyo maana ni rahisi mtu kuamini kwamba watu wale hawakuwahi kuwa wenyeji popote. Kijiji cha Gailingen kinaipinga imani hiyo.

Gailingen iko Baden, kusini mwa Ujerumani, kando ya mto Rhine. Ukivuka daraja la mbao umeingia Diessenhofen, Uswisi. Wayahudi walianza kuishi hapo karne ya 17, wakiwalipa mabwana wa ardhi ili wapewe ulinzi. Waliuza ng'ombe, wakachuuza bidhaa vijijini. Kufikia 1858 walikaribia 1,000, nusu ya kijiji kizima. Mwaka 1862 sheria ya Baden ikawapa haki sawa na raia wengine, na mwaka 1870 Leopold Guggenheim, Myahudi, akawa meya. Aliwaongoza Wayahudi na Wakristo hadi 1884. Sidai kwamba walipendana siku zote. Majirani gani hupendana siku zote? Lakini sikukuu ya Kiyahudi ya Purim ilipofika, watu wakivaa vinyago na kuandamana, hata wasio Wayahudi walitoka mbali kuja kutazama.

Haki hizo zilifungua pia njia ya kwenda mijini, na wengi wakahama. Mwaka 1933, Wanazi waliposhika serikali, Wayahudi wa Gailingen walikuwa wamebaki 300 na ushei, wenye hospitali na nyumba yao ya kutunzia wazee.

Tarehe 10 Novemba 1938 SS, askari wa chama cha Nazi, walililipua sinagogi lao, lililojengwa 1836. Rabi Mordechai Bohrer alikamatwa, akafia katika kambi ya Dachau kabla mwaka haujaisha. Uswisi ilikuwa ng'ambo tu ya mto, lakini ilikuwa imeshakubaliana na Ujerumani kwamba paspoti za Wayahudi zigongwe herufi J, ili maofisa wa mpakani wawatambue na kuwazuia. Kisha, tarehe 22 Oktoba 1940, Wayahudi zaidi ya 6,500 wa Baden na maeneo jirani walipelekwa kambi ya Gurs, Ufaransa. Wazee wa Gailingen hawakusazwa. Kuanzia 1942 wengi wa waliofikishwa Gurs walisafirishwa hadi kambi ya mauaji ya Auschwitz.

Kwa hiyo nakataa tunapoambiwa kwamba mauaji yale yalizaliwa na chuki ya kale isiyozuilika. Chuki ilikuwepo, na kijiji kiliishi nayo kikampata meya wake. Kilichokuja baadaye kilihitaji serikali: sheria, mihuri, orodha za majina, na maofisa waliokubali kuziandika.