Mtoto aliyekimbia vita akikojoa kitandani, fimbo si dawa

Wiki iliyopita nilikuwa mtaani hapa Goma kutafuta habari za maji, nikasikia kilio nyuma ya nyumba. Mama mmoja aliyekimbia Masisi alikuwa anamchapa mtoto wake wa miaka tisa. Kosa lake: amelowesha godoro tena. Na godoro si lao, ni la familia iliyowapokea.

"Alishaacha kukojoa akiwa na miaka mitatu," mama aliniambia kwa haya. "Ameanza tena tangu tukimbie. Ni uvivu, ao wamemroga."

Mama, si uvivu. Wala si uchawi.

Mwili wa binadamu una king'ora chake. Risasi zikilia, ubongo unatoa amri kabla hatujafikiri. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini ndani ya damu, kisha kortisoli. Moyo unaenda mbio, damu inakimbilia miguuni, tumbo linapunguza kazi yake. Nguvu hiyo ndiyo iliyotukimbiza usiku, mtoto mgongoni, bila kuhisi mawe ya volkano chini ya miguu. Huo ni msaada, si ugonjwa.

Shida ni pale king'ora kinapokataa kuzima. Milio imekwisha, lakini mwili bado unangoja mwingine. Mimi mwenyewe, mwaka jana, tairi la lori lilipasuka barabarani, nikajikuta nimelala chini na mikrofoni yangu. Wenzangu walicheka. Nami nikacheka, lakini mikono ilitetemeka hadi jioni.

Mimi nina maneno ya kueleza hayo. Mtoto hana. Mwili wake unasema kwa niaba yake: ananyamaza, anashikilia kitenge cha mama, anakojoa usingizini. Hafanyi kusudi. Ukimpiga, unaongeza hofu juu ya hofu, na usiku unaofuata analala akiogopa risasi na fimbo pia.

Najua mtaniambia: wewe mwandishi, godoro la watu halikuhusu. Ni kweli. Sabuni ni pesa, maji ni ya kununua kwa bidoni, na mwenye nyumba ananung'unika. Hata mama huyu king'ora chake bado kinalia. Kwa hiyo simlaumu yeye peke yake.

Wazazi, tandikeni plastiki chini ya shuka. Mkojoleshe mtoto kabla ya kulala. Mwambie kwamba leo mko pamoja, na kwamba si kosa lake. Akisikia maumivu anapokojoa, ao akiwa na kiu isiyoisha, mpeleke kituo cha afya, kwa maana kuna magonjwa pia yanayoleta hali hiyo.

Ninyi mliopokea watu nyumbani, mmefanya kazi kubwa. Msiiharibu kwa kumwita mtoto jina la aibu mbele ya wenzake.

Na wanaogawa unga na mahema, wahesabu pia sabuni, plastiki ya kulalia, na mtu aliyefundishwa kusikiliza. Moyo uliojeruhiwa haushibi unga.

Nilipoondoka, mtoto yule alikuwa anaanika godoro juani, uso ameugeuzia ukuta. Jirani, ukimwona, usicheke. Msaidie kuligeuza upande wa pili.