Si Pepo, Ni Hesabu



Tangu Jumapili simu yangu haijanyamaza. Naandikiwa kwamba mchungaji ameingiza sanamu kanisani. Sanamu yenyewe ni ile Commodore 64 kuukuu iliyo stoo, ambayo mgeni mmoja alituachia pamoja na kaseti zake. Aina hiyo ilitoka mwaka 1982, na kumbukumbu yake ni kilobaiti 64. Picha moja uliyopiga ibadani kwa simu yako haiwezi kuingia humo.

Vijana wanacheza mchezo mmoja. Unaonyeshwa picha, unaikariri, kisha inakatwa vipande 15 na nafasi moja tupu, inavurugwa, nawe unasukuma kimoja kimoja mpaka irudi. Kaseti inasomwa kwa dakika kadhaa. Stima ikipotea, na hapa Soy mnajua inavyopotea, mnaanza upya. Hakuna pesa ya kushinda.

Siku moja picha ikakataa. Vipande vyote vilikaa mahali pake isipokuwa viwili vya mwisho, vilivyobadilishana. Wakahangaika mpaka jioni. Mzee wetu mmoja akasema kuna roho ndani, akaweka mikono, akakemea. Picha haikusogea.

Mpendwa, hata angekemea mpaka Krismasi! Fumbo hili lilichezwa kwa vipande vya mbao kabla ya kompyuta kuwepo, na mwaka 1879 wanahesabu wawili wa Marekani, Johnson na Story, walithibitisha kwamba nusu ya mipangilio yake haina njia ya kurudi. Aliyeandika programu yetu aliwatupa vipande ovyo, kama mtu anayemwaga mahindi. Kijana wetu wa kidato cha tatu akabadilisha mistari michache: sasa kompyuta inaanza na picha nzima, inaivuruga kwa kusukuma vilevile tunavyosukuma sisi. Tangu hapo haijakataa hata mara moja. Huyo ndiye mnataka nimfukuze?

Nawauliza mnaoona pepo. Mnajua nyumba hapa ambako pesa za mahindi ziliishia kwenye simu, kijana akifuata kindege cha kamari usiku kucha. Nani aliandika kwenye grupu siku hiyo? Nani aliitisha mfungo? Kompyuta isiyo na intaneti tunaikemea, kubeti tunakunyamazia, kwa sababu wengine wetu tunabeti tukiwa kwenye viti vya mbele. Nimesema, mnichukie.

Danieli alisomea elimu ya Wakaldayo na hakuinamia miungu yao. Fungua sura ya kwanza usome mwenyewe.

Nami nina kosa. Alhamisi nilikaa stoo nikipanga picha mpaka nikachelewa kumtembelea mama mgonjwa aliyekuwa akinisubiri. Nimemwomba msamaha. Lawama hiyo naipokea. Ya pepo, hapana.

Mzee wangu uliyekemea, sina ugomvi nawe. Jumamosi saa nane mchana stoo itakuwa wazi, na kijana atakuonyesha mistari aliyobadilisha. Usisahau miwani, maana maandishi yake ni madogo.