Robeson Alinyang'anywa Pasipoti kwa Ajili Yetu, Sisi Tunasema "Acheze Tu"



Kuna usemi umeota mizizi kwenye vikao vyetu huku ughaibuni: mchezaji acheze, msanii aimbe, siasa awaachie wenyewe. Colin Kaepernick alipopiga goti mwaka 2016 kupinga mauaji ya weusi mikononi mwa polisi, wapo wenzetu waliowahi kumcheka: "Analipwa mamilioni, analalamika nini?" Mimi nasema huo ni utovu wa shukrani.

Mchukueni Paul Robeson. Baba yake alizaliwa mtumwa, akatoroka. Yeye akawa nyota wa futiboli ya Kimarekani pale chuo cha Rutgers, akachukua shahada ya sheria Columbia, kisha akavuma dunia nzima kwa kuimba na kuigiza. Othello aliyoicheza Broadway kuanzia 1943 ilionyeshwa mara 296. Angetaka, angekula raha zake kimya kimya.

Hakunyamaza. Miaka ya 1930 akiwa London alisoma lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Baadaye akawa mwenyekiti wa Council on African Affairs, iliyodai makoloni yaachiwe huru. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ikamnyang'anya pasipoti, na katika utetezi wake mahakamani ikataja hata harakati zake za kupigania uhuru wa Waafrika. Yaani huyu bwana alikatiwa riziki kwa ajili ya babu zetu! Pasipoti hakurudishiwa mpaka 1958. Alifariki 1976, na kumbukumbu ya mashujaa wa futiboli ya vyuo ikaja kumuingiza 1995, miaka 19 akiwa kaburini.

Mtaniambia alimtetea Stalin. Kweli, na hapo alikosea vibaya. Lakini anayekosea hujibiwa kwa hoja, hanyang'anywi pasipoti.

Mimi ni muuguzi. Mwajiri ananilipa kwa saa zangu za kazi, ulimi wangu sikumuuzia. Kwa nini mcheza mpira auze wake?

Tena tusijisahau. Sheria ya uhamiaji ya 1965, iliyofuta ule mgawo wa kibaguzi uliotubana Waafrika, ilipita katika wimbi la kudai haki za kiraia. Mlango tulioingilia wengi wetu ulisukumwa na hao hao tunaowaita walalamishi. Tumekuta chakula mezani, tumeshiba, sasa tunamtukana mpishi.

Kama mwanao anajua bei ya viatu vya Jordan, mfundishe na jina la Robeson. Na siku akisimama kumtetea mnyonge, usimwambie, "Nyamaza mwanangu, hii si nchi yetu." Waliotutetea sisi hawakuuliza Afrika ni nchi ya nani.