Msilipie Programu ya Ripoti Kabla ya Kuandika Maswali Yenu

Ukiingia soko la Jericho kutoka Jogoo Road, unasikia cherehani kabla hujamwona fundi. Shule zikikaribia kufunguliwa ndio kabisa: sare zimerundikana, wazazi wanangoja, na kila baada ya dakika chache mtu anauliza, "Till ni namba ngapi?" Analipa, anaonyesha meseji, anabeba sweta, anaenda. Jioni fundi ana pesa kwenye simu. Ana pia kitu ambacho wengi hawakiangalii: orodha ya kila shilingi iliyoingia na kutoka, pamoja na saa yake.

Sasa chukulia mafundi 24 wa soko kama hilo wana chama. Kila mmoja anatoa shilingi 500 kwa wiki. Mweka hazina ndiye mwenye simu ya kikundi, ndiye mwenye daftari, na ndiye anayejua nani amelipa. Wengine wakitaka kujua, wanampigia. Wakimpigia mara tatu asishike, maneno yanaanza. Hata kama hajagusa shilingi ya mtu.

Hapo ndipo kijana mmoja wa kikundi husema, "Tutafute programu ya ripoti." Anamaanisha zana kama Power BI, Looker Studio au Tableau, ambazo zinachukua takwimu na kuzigeuza michoro na jumla bila kumwita mtaalamu wa kompyuta. Wazo ni zuri. Lakini tunavyoona sisi, vikundi vingi vinaanzia mwisho: wanaangalia zana ipi ina michoro mizuri, halafu ndio wanatafuta kazi ya kuipa. Maoni yetu ni haya: zana ipimwe kwa maswali yenu, kwa taarifa yenu wenyewe, na mikononi mwa mtu ambaye si mweka hazina. Ikishindwa hapo, rangi zake hazitawasaidia.

Swali kwanza, zana baadaye

Kaeni kikao kimoja mwandike maswali matatu mnayotaka yajibiwe kila mwezi. Sio kumi, matatu. Kwa chama, huenda yakawa: Nani hajalipa wiki hii? Pesa iliyopo inalingana na michango? Makato ya kutuma na kutoa yametugharimu ngapi? Kwa fundi mwenye biashara yake, maswali ni mengine: siku gani nauza zaidi, na amana za wateja ni ngapi ambazo kazi yake sijamaliza?

Mkishaandika, mtagundua jambo ambalo wauzaji wa programu hawalisemi sana. Kuna maswali ambayo hakuna zana itayajibu, kwa sababu jibu halikuingia kwenye takwimu tangu mwanzo.

Mfano ni till na paybill. Mteja akilipa kwa till, anaweka namba ya till na kiasi, basi. Akilipa kwa paybill, anaweka pia namba ya akaunti. Hiyo namba ya akaunti ni nafasi ya bure ya kueleza pesa hii ni ya nini. Mwanachama wa saba akiandika M07, taarifa yenu itaonyesha M07 hata kama amelipiwa na mkewe kwa simu nyingine. Kwenye till, mtabaki kukisia huyu aliyelipa ni nani na analipia nini. Kwa hiyo ripoti nzuri inaanza pale mtu anapobonyeza simu, sio pale mnapofungua kompyuta. Mabadiliko haya madogo yanaweza kuwasaidia kuliko programu yoyote ya kulipia.

Na pesa taslimu je? Mwanachama akimpa mweka hazina 500 mkononi, hakuna zana itaiona mpaka iwekwe kwenye akaunti ya kikundi au iandikwe kando. Kubalianeni mapema itakuwa ipi.

Jaribuni na taarifa yenu, sio mfano wa muuzaji

Kila zana inapendeza ikionyeshwa kwa takwimu safi za mfano. Za kwenu si safi. Chukueni taarifa ya mwezi mmoja, ikiwezekana kama faili ya Excel au CSV, kwa sababu PDF ni nzuri kusoma lakini zana nyingi zinahangaika nayo. Halafu angalieni mitego hii.

Mtego wa kwanza ni pesa iliyorudishwa. Turudi kwa mafundi wetu 24. Kwa wiki nne wanatarajia shilingi 48,000. Dashibodi inasema zimeingia 49,500, kwa rangi ya kijani. Kila mtu anafurahi. Lakini mtu wa nje alikosea namba akatuma 2,000, kisha akarudishiwa. Kwenye taarifa hiyo ni mistari miwili: mmoja wa kuingia, mwingine wa kutoka. Zana iliyojumlisha safu ya kuingia peke yake imehesabu pesa isiyo yenu. Michango halisi ni 47,500, na kuna mwanachama mmoja hajatoa 500. Dashibodi ya kijani imemficha.

Mtego wa pili ni tarehe. 05/03 ni tarehe 5 Machi kwetu, lakini programu iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani itaisoma kama Mei 3. Mtego wa tatu ni namba za simu: zikisomwa kama hesabu, sifuri ya mwanzo inapotea, na 07 inabaki 7. Ukijaribu kuzilinganisha na orodha ya wanachama, hazishikani. Mtego wa nne ni kuunganisha taarifa mbili ambazo siku zake zinaingiliana, kisha miamala ile ile inahesabiwa mara mbili. Namba ya risiti ya kila muamala haijirudii bure. Itumieni kuwakamata wanaojirudia.

Jumla ya zana ikishatoka, linganisheni na salio lililo kwenye simu. Zikipishana hata kwa shilingi 30, msisonge mbele mpaka mjue zimeenda wapi.

Mpeni simu mtu mwingine

Zana hizi zinaitwa za kujihudumia. Basi tuone nani anajihudumia. Kama ni yule kijana peke yake anayeweza kupata jibu, mmetoka kwa mweka hazina mmoja mkaenda kwa mwingine.

Jaribio letu ni rahisi. Mchagueni mwanachama ambaye hapendi mambo ya kompyuta. Mpeni simu yake mwenyewe, kwa bando lake mwenyewe, na swali moja: "Je, mchango wako wa wiki iliyopita umeingia?" Kaeni kimya. Akipata jibu kwa dakika mbili, zana imefaulu. Akianza kuvuta skrini huku na huku akitafuta maandishi yaliyobanana, imefeli, hata kama kwenye laptopu ilionekana safi.

Wapo watakaosema daftari linatosha. Daftari tunaliheshimu. Ila daftari liko moja, na anayelishika ndiye anayebeba lawama zote. Kumpa kila mwanachama njia ya kujionea si kumwambia mweka hazina hatumwamini. Ni kumtua mzigo.

Nani mwingine ataona?

Taarifa yenu ina majina, namba za simu na tabia za pesa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za watu zitumike kwa kazi iliyokusudiwa, na kwa kiwango kinachohitajika tu. Kwa hiyo kabla ya kupakia faili popote, futeni safu ambazo hamzihitaji. Kwa maswali mengi M07 inatosha. Jina kamili na namba ya simu havina kazi pale.

Angalieni pia maana ya neno "bure". Kazi mnayoichapisha Tableau Public inaonekana na ulimwengu mzima. Si mahali pa pesa za chama. Power BI nayo ina njia ya kuchapisha ripoti kwenye wavuti ambayo inaiweka wazi kwa yeyote. Na hakuna zana ya ripoti inayohitaji PIN yenu. Ikiwaomba, fungeni mara moja.

Sisi tungechagua nini

Kwa kikundi cha watu 20 au 30, tungeanza na Google Sheets: karatasi moja ya miamala, moja ya wanachama, na jedwali la muhtasari linaloonyesha kila msimbo na alicholipa. Mweka hazina anahariri. Wengine wanapewa ruhusa ya kutazama tu. Mkiona mmeizoea kwa miezi mitatu na bado mnataka michoro, Looker Studio inaweza kusoma karatasi hiyo hiyo, na toleo lake la kawaida halilipiwi.

Power BI ina nguvu zaidi, lakini programu yake ya kompyuta inafanya kazi kwenye Windows tu, huduma yake ya mtandaoni haikubali usajili wa barua pepe za kawaida kama Gmail, na kushirikisha wenzako ripoti kwa kawaida kunahitaji leseni ya kila mtumiaji. Biashara yenye matawi kadhaa na mtu wa kuishughulikia, sawa. Chama cha mafundi 24, hapana, angalau kwa sasa.

Na msituache nje sisi tunaowapa hizo till na paybill. Jumla mnazoona kwenye programu yetu zinajua kiasi na saa. Hazijui kama 500 ile ilikuwa mchango au amana ya sweta. Hiyo maana mnaiweka nyinyi.

Kwa hiyo kwenye kikao kijacho, kabla mtu hajafungua laptopu, tafuteni kalamu. Andikeni maswali matatu, mgawieni kila mwanachama msimbo wake, na muanze kuutumia wiki hiyo hiyo. Zana mtaichagua mwezi ujao, mkiwa na takwimu za kuijaribu.